Bastola Tatu za Fataki

Jumapili, 7 Septemba. Manyamanyama.

Bastola ya Kisorya tayari. Ya Kiabakari tayari. Imebaki ya Butiama, ambayo huwa naiweka mwisho kwa sababu ndiyo nzuri. Mafuta ya cherehani, mswaki mkuukuu, kipande cha khanga ya mama. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, hivi hivi. Baba alifanya kwa miaka kumi na tisa. Mimi huu ni mwezi wa tano, tangu tumzike.

Hizi si bastola za kisasa. Hazijui risasi yenye ganda. Unamimina baruti kwa mbele, katika kila tundu la silinda, unashindilia kidonge cha risasi kwa mkono wa chuma ulio chini ya mtutu, kisha unapachika fataki, kikofia kidogo cha kuwashia baruti, kwa nyuma, moja moja. Mara tano au mara sita. Baba alikuwa akisema askari wa enzi hizo ilibidi kwanza amwombe adui asubiri. Zote tatu ni za jeshi. Ya Kisorya imegongwa mshale mdogo, alama ya mali ya serikali ya Waingereza. Ya Kiabakari imepoteza mkono wa kushindilia, na mtu fulani aliitengenezea mpini wa mninga. Ya Butiama imechongwa meli za vita kuzunguka silinda yote, kila meli ndogo kuliko kucha yangu. Jeshi gani lilisahau bastola yenye meli huku kwenye ng'ombe na mihogo? Baba hakujua. Nadhani alipenda kutojua.

Alikuwa mwalimu wa ufundi, mbao na vyuma. Hakukusanya kitu kingine maishani. Kila bastola aliifungia kipande cha boksi la chaki kwa uzi wa nyavu. Mbele, jina la mahali. Nyuma, habari zote kwa herufi ndogo mno: nani, lini, kwa njia gani. Nimesoma za mbele. Za nyuma nimejiwekea siku yenye nafasi.

Mchana redio ikatangaza. Mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe polisi kabla ya mwisho wa mwezi, hataulizwa neno. Baada ya hapo ni mahakamani. Baba mdogo Magesa alikuwa amekuja kula. Anauza vipuri vya baiskeli sokoni Bunda na anaogopa kila mtu mwenye sare, hata wa zimamoto. Aliuliza kama haya madude ya kaka yake yanahesabika. Nilisema sijui. Nilijua.

Akakumbusha kwamba tarehe ishirini tunagawa vitu vya marehemu, na kwetu silaha ya marehemu huenda kwa mwanamume. Kwa hiyo ni zake. "Na mimi za kwangu nitaziweka chooni," alisema. "Shimo ni refu."

Mama alicheka. Mimi sikucheka.


Jumanne, 9 Septemba. Musoma.

Shule ninayofundisha imefunga kwa likizo fupi. Nimekwenda polisi. Bastola niliziacha nyumbani, nikabeba picha kwenye simu. Afande anayeshughulikia silaha ni mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kamba. Magobole ameyaona mengi. Hizi hakuwahi. Aliikuza picha ya meli kwa vidole viwili, akaiangalia muda mrefu.

Alinieleza bila kunitisha, na ndiyo maana niliogopa. Silaha zote zitakazosalimishwa zitachomwa moto. Lakini kitu cha kale kinaweza kwenda makumbusho, kikiwa na historia inayothibitika. Barua ya aliyekitoa, au ya ndugu yake aliye hai, yenye muhuri wa mtendaji wa kijiji. Barua moja kwa kila bastola. Mwisho tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri. Isiyo na barua inakwenda na magobole.

Nilisema maelezo ninayo, baba aliyaandika kwa mkono wake. Alisema hayo nayo nilete. Kisha akaandika jina langu kitabuni. Sasa siwezi tena kujifanya sizijui.

Namshukuru kwa jambo moja. Hakuniuliza msichana anataka nini na bastola. Wote huuliza.


Jumatano, 10 Septemba.

Nimesahihisha madaftari ya kidato cha pili. Mmoja nimempa alama mbili zaidi bila sababu. Nawaza moto.


Jumamosi, 13 Septemba. Manyamanyama.

Mama ameziosha.

Kwao, vyombo vya mkono wa marehemu huoshwa kabla ya kugawanywa. Jembe, panga, randa, msumeno. Mkono wake utoke, mkono mwingine uingie. Najua hivyo tangu utoto. Sikuwahi kufikiri kwamba bastola nazo ni vyombo vya mkono. Mama alifikiri. Jana asubuhi alizitia kwenye karai pamoja na randa na patasi, maji ya moto na majivu, akaziacha zilowe hadi leo. Vipande vya boksi la chaki vilikuwa bado vimefungwa. Nimevikuta vimekuwa uji. Wino wa baba uliingia kwenye maji, na maji amemwagia mpapai.

Nilimfokea. Nilisema amemuua baba mara ya pili. Nayaandika hapa maneno hayo, nisije baadaye nikajidanganya kwamba sikuyasema. Alitoka kwenda kuanika randa.

Mwalimu wa historia. Kila mwaka nawafundisha watoto vyanzo vya historia, ubaoni, kwa orodha. Na sikuwahi kuvipiga picha vipande vitatu vya boksi. Sikuwahi hata kuvigeuza. Namchukia mtu huyo.


Jumapili, 14 Septemba.

Kutu haisubiri mtu amalize hasira. Asubuhi nilikaa chini kuzikausha. Kitambaa kwa nje, kijiti cha mwanzi ndani ya kila tundu. Ya Kisorya, matano, safi. Ya Butiama, sita, safi. Ya Kiabakari ina matundu mawili ambayo baba alisema yamezibwa na kutu, tuyaache yalivyo. Leo kijiti kilizama. Ukatoka uji mweusi unaonuka yai viza. Nikasukuma tena. Kidonge cha risasi kikadondoka sakafuni, kikabingirika hadi mguuni kwa mama.

Haikuwa kutu. Ilikuwa baruti. Miaka kumi na tisa baba aliisugua hii bastola ikiwa imemwelekea tumboni. Mimi miezi mitano. Sijui kama baruti ya kale namna hiyo bado huwaka. Najua tu kwamba hii haitawaka tena, kwa sababu mama aliiloweka siku nzima na usiku wake. Na kama si yeye, ningeilaza juu ya meza ya afande nikisema ni kitu cha kale, hakina madhara.

Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Alisema, "Inuka, sakafu haijafagiliwa."

Baadaye, akichambua dagaa, alisema nisihangaike na maboksi, watu wapo. Baba, alisema, hakuziokota porini. Kisorya ni kwa Bibi Nyangeta. Kiabakari ni kwa mzee mmoja wa mgodini, Masatu. Butiama ni kwa Mugaya mwenye mashine ya kusaga. Alizitaja kwa mpangilio zilivyoingia nyumbani, na chakula alichompikia baba kila aliporudi nayo. Sikuwahi kumuuliza. Nilidhani bastola ni jambo letu wawili, mimi na baba. Kumbe tulikuwa watatu.

Namshukuru Mungu kwa mama huyu. Nimeandika hivyo na sioni haya.


Jumatatu, 15 Septemba. Kisorya.

Basi la alfajiri kutoka Bunda. Vumbi hadi kwenye meno. Bibi Nyangeta anakaa juu kidogo ya kivuko, na nilimkuta anawakaripia kuku. Niliposema mimi ni mtoto wa nani, alinishika uso kwa mikono miwili inayonuka samaki, akasema pua ni ile ile, bahati mbaya.

Habari yake ni hii. Babu yake alikuwa mpagazi wa msafara wa pembe za ndovu. Aliugua miguu hapa ziwani, msafara ukavuka kwenda Ukerewe ukamwacha. Mwenye msafara alimpa bastola badala ya ujira, bila baruti, bila fataki. Babu akapona, akaoa, akazeeka, hakuipiga hata mara moja. Ikawa ya kugandamizia mfuniko wa pipa. "Tulikuwaga tunaiita mlinzi wa dagaa," alisema. "Na panya walikuwa wanamwogopa kweli."

Baba alikuja kwa ajili ya harusi ya mtu, akaiona juu ya pipa. Hakutoa hela. Alitengeneza mlango. Alikaa hapo siku mbili akipiga randa. Bibi alinipeleka nikauone. Mninga, mbao tano, bawaba za chuma alizofua mwenyewe. Haujapinda. Niliuwekea mkono. Sikujua kwamba Kisorya kuna mlango wa baba yangu unaofunguliwa na kufungwa kila siku.

Mtendaji alikuwa amekwenda msibani, tukamngoja. Bibi alitumia muda huo kunichunguza. Una miaka mingapi? Ishirini na saba. Una mchumba? Hapana. Akageukia jirani yake. "Baba alikuja kutafuta bastola. Mtoto amekuja kutafuta barua. Hii familia haitakaa itafute mtu."

Jirani alicheka hadi akaketi chini. Nami nikacheka. Muhuri ukagongwa saa tisa. Bibi akanifungia sato wawili wa kukausha, na akakataa kata kata kushukuriwa.

Barua moja.


Jumatano, 17 Septemba. Kiabakari.

Hakuna. Masatu alifariki miaka mingi iliyopita. Mwanawe alihama, wengine wanasema Geita, wengine wanasema kwingine, kufuata dhahabu. Nyumba ina wapangaji. Niliuliza kwenye vibanda vyote hadi kijana mmoja muuza chips akaniuliza kama namdai. Ofisa mtendaji alinisikiliza vizuri, akasema hawezi kugonga muhuri kwenye maneno ya mtu asiyekuwepo. Ana haki.

Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Imevunjika, imetengenezewa mpini, ilikuwa na baruti tumboni. Nashangaa inavyoniuma.


Alhamisi, 18 Septemba. Butiama.

Mashine ya Mugaya iko pembeni mwa barabara na inasikika kabla hujaiona. Ni mwanamume wa miaka hamsini hivi, mweupe wa unga hadi kwenye kope. Nilikuwa nimekuja na barua iliyokwisha andikwa, ili kumrahisishia. Kwamba yeye, Mugaya, alimpa marehemu bastola hii. Imebaki sahihi tu.

Hana miwani. Aliniambia nimsomee. Nilisoma kwa kupaza sauti juu ya mngurumo. Nilipomaliza alizima mashine. Watu wenye ndoo za mahindi wakageuka kutuangalia.

"Hapo kwenye kumpa, hapana," alisema. "Baba yako aliazima."

Kisha akanieleza, bila ukali. Shangazi ya babu yake, Nyabise, aliolewa na mtu wa ziwani. Mahari ilikuwa ng'ombe saba na bastola. Kwao kitu cha mahari ya binti hakiuzwi wala hakigawiwi nje. Ukikiuza umeiuza ndoa yake, na watoto wake wote waliozaliwa. Baba aliomba kuinunua mara tatu. Mara ya nne aliomba kuitunza tu, kwa sababu ilikuwa inaliwa na kutu. Wakakubaliana wawili, mdomo kwa mdomo. Msibani Mugaya alikuja, akakaa nyuma, hakusema kitu. Msibani mtu hadai. Atasema siku ya mgawanyo, mbele ya watu, ndipo mahali pake.

Nilimuuliza itakwenda wapi ikirudi. Alisema ataifukia zizini. Serikali kuchoma mahari ya Nyabise, hilo haliwezekani. Wala kukutwa nayo hataki.

Nilimwambia labda anachanganya, labda ni bastola nyingine. Nasikia aibu kuandika hilo. Hakukasirika. Alisema nikifika nyumbani nitazame meli ndogo kuliko zote, ile iliyo karibu na nyundo ya kugongea fataki. Haina mlingoti. Aliukwangua yeye kwa msumari akiwa na miaka sita, na alichapwa.


Ijumaa, 19 Septemba. Manyamanyama.

Haina mlingoti.

Miezi mitano naisugua na sikuwahi kuona.

Baba mdogo amefika kusaidia kupanga viti vya kesho. Nimemweleza yote isipokuwa meli. Akasema jambo ni jepesi. Karatasi hakuna. Mashahidi wa makubaliano ni wawili, mmoja yuko kaburini. Nikisema kwamba kipande cha boksi kiliandika baba alipewa, nani atabisha? Maji yamekunywa ushahidi. Jina la baba litakaa makumbusho na bastola nzuri kuliko zote, si ile ya kufunikia dagaa.

Hakusema kwa ubaya. Anampenda kaka yake. Na kila alichosema nilikuwa nimekwisha kukifikiri mwenyewe ndani ya gari kutoka Butiama. Hilo ndilo linalonitisha. Nikisema ukweli, inakwenda chini ya samadi na hakuna atakayeiona tena. Nikisema uongo, inaishi. Naitaka. Naitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Ndani ya kichwa changu nimekwisha kuiandikia kabati lake la kioo.


Jumamosi, 20 Septemba.

Nitaandika upesi, nimechoka.

Wazee walikaa sebuleni, wanawake barazani, mimi mlangoni katikati. Jembe, baiskeli, randa, koti la mvua. Randa nimepewa mimi, sikutegemea, nikalia. Kisha silaha. Mkuki kwa baba mdogo. Bastola mbili kwa baba mdogo, ambaye alizipokea kama anapokea nyoka. Ya tatu ilipoinuliwa, Mugaya akasimama. Amevaa shati jeupe, na nje ya unga ni mtu mwingine kabisa. Akasema maneno yale yale aliyoniambia, hakuongeza.

Kelele. Mmoja akauliza karatasi iko wapi. Mwingine akasema marehemu hawezi kujibu, kwa hiyo anayemdai marehemu hupoteza. Baba mdogo akanitazama. Ndipo mjomba wa mama akasema aulizwe aliyekuwa akizitunza.

Nilisimama. Nilisema, "Ni ya kwao. Baba aliazima." Wakauliza nimejuaje. Nikawaonyesha meli isiyo na mlingoti, ikapitishwa mkono kwa mkono, kila mzee akiisogeza mbali na macho kisha karibu. Walipoimaliza, hakuna aliyebisha.

Nilimkabidhi Mugaya mwenyewe. Nilimpa na kichupa changu cha mafuta ya cherehani, nikamwonyesha namna ya kutia tone kwenye mhimili wa silinda. Upuuzi, kwa kitu kinachokwenda kuzikwa. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaifunga kwenye mfuko wa unga, akaaga.

Mama aliniwekea nyama ya ubavu, akaketi karibu yangu. Mkono wake ulikuwa mgongoni kwangu muda wote niliokula.


Jumatatu, 22 Septemba. Musoma.

Shule imefunguliwa. Kidato cha kwanza, mada ni vyanzo vya historia. Nilifuta orodha ubaoni. Niliwaambia waende nyumbani wakamuulize mtu mmoja kuhusu kitu kimoja, wakigeuze na nyuma yake.

Najisikia vizuri na vibaya. Vyote kwa nguvu.


Alhamisi, 25 Septemba.

Baba mdogo alipiga simu. Bastola mbili ziko chini ya kitanda chake na halali vizuri. Anasema mkewe amehamia kwa watoto. Kwa kuwa sasa ni zake kwa mgawanyo, lazima azisalimishe yeye. Aliniuliza mara tatu kama polisi watampiga. Nikasema watampa kiti. Hakuamini.


Jumapili, 28 Septemba.

Hakuna habari ya Butiama. Sikutegemea. Lakini leo kanisani niliombea zizi la mtu, jambo ambalo sidhani kama limewahi kufanyika.


Jumanne, 30 Septemba. Musoma.

Mwalimu mkuu alinipa ruhusa kuanzia saa sita. Baba mdogo alishuka stendi amevaa suti ya harusi yake, jasho tupu, begi amelikumbatia kifuani. Njiani aliwasalimia polisi wawili wa trafiki ambao hawakuwa wamemtazama.

Tulipewa viti. Kulikuwa na watu wengi na magobole yao, wengine wameyafunga kwenye mashuka, bibi mmoja amelibeba lake kwenye khanga mgongoni. Afande alisoma barua ya Kisorya yote, pamoja na habari ya pipa. Alitabasamu hapo. Akaiweka bastola kwenye boksi la pembeni, akaandika makumbusho. Kisha akanyoosha mkono kupokea ya pili na barua yake. Nikasema barua sina.

Alisubiri kidogo, kana kwamba nitakumbuka kitu. Akaonyesha rundo la magobole ukutani. Baba mdogo ndiye aliyeipeleka. Aliilaza juu ya mengine polepole, mtutu ukiangalia ukuta, akaipapasa mpini mara moja, yeye aliyetaka kuitupa chooni. Niliisindikiza kwa macho. Ilibebwa na mtu fulani vitani, sijui nani. Ikambebea baba yangu mauti kwa miaka kumi na tisa bila kumpa. Naishukuru kwa hilo. Sina pengine pa kuandika shukrani hiyo ila hapa.

Tulikuwa tumesimama tuondoke. Saa tisa na dakika kumi. Mugaya akaingia. Shati jeupe, mfuko wa unga.

Hakunisalimia kwanza. Alikwenda moja kwa moja hadi mezani, akaifungua. Ilikuwa imepakwa mafuta. Alitoa barua, muhuri wa juzi, sahihi nne za ndugu zake. Akaeleza kwamba alikwisha chimba shimo. Kisha kila alipotaka kuiweka, alikumbuka alivyorudishiwa mbele ya watu bila kubishana, na pamoja na mafuta. Akawaita ndugu zake. Walizungumza siku tatu. Wakaona mahari ya binti haiuzwi wala haifukiwi kama mzoga. Ila inaweza kukaa mahali pa watu, kama binti mwenyewe alivyokaa kwa watu.

"Nina sharti moja," alimwambia afande. "Liandikwe jina la Nyabise. Si langu. Lake."

Afande akamwomba alitaje herufi kwa herufi. Akaliandika kwa herufi kubwa, akageuza kitabu ili alione. Hana miwani, lakini aliinama na kulitazama.

Nje, baba mdogo alitununulia soda sote watatu na kusema kwamba polisi ni watu wazuri sana, alikuwaga anasema hivyo siku zote. Mugaya alinywa yake akiwa amesimama. Nilitaka kumshukuru. Aliona. Akasema mashine imeachiwa mtu asiyejua kuipanga mawe ya kusagia, lazima awahi.


Jumamosi, 18 Oktoba. Butiama.

Watu wa makumbusho wamezichukua. Nyundo zimefungwa zisiinuke tena. Wameniomba niandike maelezo mafupi ya kila moja, ya kuwekwa chini ya kioo. Ya Kisorya niliandika kwa dakika kumi, mlango nikautaja. Ya Butiama sikuthubutu kuiandika bila wenyewe.

Nilifika mchana. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, vumbi limelala. Mugaya alizima mashine ili anisikie, wateja wawili wakanung'unika. Nikasoma. Nyabise, binti wa Butiama, aliyeolewa kwa ng'ombe saba na bastola hii.

Akasema iongezwe kwamba alikuwa mfinyanzi, vyungu vyake vilifika hadi ziwani. Nikaongeza. Mama mmoja aliyekaa juu ya debe lake akasema bibi yake alikuwa nacho kimoja. Akaulizwa kiko wapi. Kilivunjika. Nikaandika hilo pia, kwenye daftari langu, pembeni.

Kisha Mugaya akauliza mbona jina la baba yangu halimo. Nilisema si yake, ilikuwa ya kuazima. Alikung'uta unga kwenye mikono. Akasema aliyeitunza ni mtu, naye aandikwe.

Nikaliandika chini ya la Nyabise, kwa herufi ndogo kidogo. Mtunzaji.

Akawasha mashine.